Ufipa, Maziwa Mawili na Mkataba wa Plastiki

Mfuko wa plastiki unaotupwa Ufipa una njia mbili za kuteremka. Uwanda huo wa juu, wenye mji wa Sumbawanga uliojengwa zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, umekaa kama paa la nyumba. Mvua inayonyesha upande wa mashariki hushuka bondeni hadi Ziwa Rukwa; inayonyesha magharibi huishia Ziwa Tanganyika. Maji hayo huzoa kila kinachoelea. Ziwa Rukwa halina mto wa kutoka, kwa hiyo kilichoingia kimeingia, na maji yake hupungua kwa jua tu. Ziwa Tanganyika linao mmoja, Lukuga, unaopeleka maji kidogo katika Mto Kongo na hatimaye Bahari ya Atlantiki, lakini ziwa lenyewe lina kina cha karibu mita 1,470, na maji yake hukaa humo mamia ya miaka kabla ya kubadilika.

Jina la mji, kwa Kifipa, ni agizo la kutupa: sumba wanga, tupa uchawi. Agizo hilo halisemi uchawi ukishatupwa unakwenda wapi, na hapo ndipo ulipo ugumu wote wa taka za plastiki.

Plastiki haizaliwi Ufipa. Viwanda vya Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania huagiza kutoka ng'ambo chembe ghafi zitokanazo na mafuta ya petroli na gesi, kisha huziyeyusha ziwe ndoo, mabomba, viti, chupa na vifungashio. Bidhaa hizo hupakiwa kwenye malori, hupita Mbeya na Tunduma, na kutoka Tunduma hukata kilomita zipatazo 220 za lami hadi Sumbawanga. Hapo hugawanywa tena kwa magari madogo na bodaboda kwenda Laela, Matai, Namanyere na minada ya bonde la Rukwa. Safari hiyo ya zaidi ya kilomita 1,100 ni ya kwenda tu. Malori yanaporudi hubeba mahindi, maharage, alizeti na ulezi, mizigo inayolipa nauli. Chupa tupu hailipi.

Mwaka 1950 dunia nzima ilitengeneza tani milioni 2 hivi za plastiki. Mwaka 2019, kwa hesabu za Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, ilitumia tani milioni 460, na katika mwaka huohuo plastiki iliyogeuka taka ilifika tani milioni 353. Iliyorejelezwa hasa, yaani iliyorudi kuwa bidhaa, ilikuwa asilimia 9. Karibu nusu ilifukiwa kwenye madampo, asilimia 19 ilichomwa katika matanuri maalumu, na asilimia 22 haikusimamiwa na mtu: ilichomwa uani, ikatupwa makorongoni, ikapeperuka. Wilaya nyingi za vijijini Afrika, za Rukwa zikiwemo, zimo katika fungu hilo la mwisho, ingawa matumizi yao kwa kila mtu ni madogo sana yakilinganishwa na ya Ulaya au Marekani.

Sera za kimataifa kuhusu plastiki, hata zikiandikwa kwa lugha ya kuchosha namna gani, hubishana juu ya jambo moja: mnyororo huo wa plastiki, tangu chembe ghafi hadi taka, ukatwe wapi. Unaweza kukatwa mwanzoni kabisa, kwa kupunguza chembe ghafi zinazozalishwa. Unaweza kukatwa katikati, kwa kukataza bidhaa fulani na kuweka masharti ya namna nyingine zinavyotengenezwa. Au unaweza kuachwa hadi mwisho, taka zikusanywe, zirejelezwe au zifukiwe. Nchi na kampuni zinazoishi kwa mafuta hupendelea mwisho. Mwisho huo ndio Sumbawanga, na halmashauri ya manispaa iliyo mwishoni mwa mnyororo haina mkasi mrefu: ina gari la taka, maafisa afya, sheria ndogo na ushuru wa usafi.

Tanzania imewahi kukata katikati, mara mbili, na matokeo yote mawili yanafundisha. Mara ya kwanza ilikuwa pombe kali ya kwenye vifuko, maarufu kama viroba. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza katazo hilo Februari 2017, nalo likaanza Machi 1 mwaka huohuo. Sababu iliyozungumzwa zaidi ilikuwa ulevi wa vijana, kwa kuwa kiroba kilikuwa na bei ya chini na kilifichika mfukoni, lakini kanuni zenyewe zilitungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Vifuko vile vidogo havikuwa na mnunuzi baada ya kunywewa. Hakuna muokota taka anayeinama kwa kitu kisicho na uzito kwenye mizani. Pombe ikabaki, ila kwenye chupa.

Mara ya pili ilikuwa mifuko ya kubebea, ile iliyoitwa Rambo nchi nzima. Aprili 9, 2019, Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mwisho wake ni Mei 31. Kanuni zilitoka kwenye Gazeti la Serikali katikati ya Mei, na Juni 1 katazo likaanza. Adhabu zilipangwa kwa ngazi. Anayetengeneza au kuingiza mifuko nchini alipe faini kuanzia shilingi milioni 20 hadi bilioni 1, au afungwe hadi miaka 2. Anayeuza alipe kati ya shilingi 100,000 na 500,000, au afungwe hadi miezi 3. Anayekutwa nao mkononi alipe kati ya 30,000 na 200,000, au akae ndani hadi siku 7. Wiki chache baadaye Rambo ilikuwa imetoweka kwenye meza za nyanya na vibanda vya maduka, pamoja na zile za mikoani, na mahali pake pakashikwa na mifuko ya karatasi, vikapu vya ukili na mifuko laini inayofanana na kitambaa.

Mara nyingi kufaulu huko husifiwa kama ushindi wa nidhamu ya wananchi. Wananchi walitii, ni kweli, lakini walitii kwa sababu mifuko ilikwisha. Wenye viwanda na waagizaji walihesabika; milango yao ilijulikana. Kama serikali ingeacha viwanda vikaendelea na kuwatuma mgambo wakamate akina mama wanaouza dagaa, Rambo ingekuwepo hadi leo. Uganda ni mfano wa karibu. Ilitangaza kupiga marufuku kaveera nyembamba, yaani mifuko ya plastiki, mwaka 2009, viwanda vikabishana na mamlaka mwaka baada ya mwaka, na kaveera haikuondoka madukani. Rwanda, iliyotunga sheria yake mwaka 2008 na kuisimamia mpakani hadi kwenye mabegi ya abiria, ilisafisha. Zanzibar ilianza mapema kuliko hao wote wawili, mwaka 2006. Kenya ilifuata Agosti 28, 2017, kwa adhabu iliyotangazwa duniani kuwa kali kuliko zote: hadi shilingi milioni 4 za Kenya au miaka 4 gerezani.

Katazo la Tanzania, hata hivyo, liliacha nje mafungu makubwa: vifungashio vya dawa, vya bidhaa za viwandani, vya vyakula, vya ujenzi na vya kilimo. Mwanya wa vyakula ndio uliotumika kwanza. Vifuko vyepesi vinavyoonyesha kilichomo, ambavyo kazi yake ni kufungia karanga au mkate, vikageuka vibebeo vya kila kitu, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, pamoja na Shirika la Viwango, TBS, wakalazimika kurudi masokoni kufukuza vifungashio visivyo na nembo ya mtengenezaji wala kipimo cha unene. Kasoro haikuwa kwa mwuza duka. Ni vigumu kuandika kanuni inayotofautisha kifuko cha kufungia na kifuko cha kubebea wakati vyote viwili vimekatwa kutoka robota moja.

Kwa Ufipa mwanya mzito zaidi ni ule wa kilimo. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi mahindi, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una maghala yake Sumbawanga. Mahindi yote hayo husafiri ndani ya plastiki. Mfuko wa salfeti unaobeba kilo 100 umefumwa kwa nyuzi za polipropilini. Mbolea huja kwenye mfuko wa namna hiyohiyo, wenye utando mwingine ndani wa kuzuia unyevu. Mkulima anayetaka kuhifadhi nafaka bila sumu ya kuua dumuzi hununua mfuko wa tabaka tatu, mbili za ndani zikiwa nailoni nene inayozuia hewa hadi wadudu wafe kwa kukosa pumzi. Miche ya mikaratusi na misindano inayopandwa vilimani huoteshwa kwenye viriba vyeusi, ambavyo huchanwa shambani siku ya kupanda na kuachwa palepale. Katika mambo haya hakuna ubadhirifu. Mfuko wa tabaka tatu umeokoa chakula kingi kuliko semina nyingi.

Mfuko wa salfeti, kwa haki yake, huishi maisha marefu. Ukitoka kubeba mahindi hubeba mkaa, kisha huwa mkeka wa kuanikia alizeti, kisha paa la banda la kuku, kisha kamba. Tatizo lake huanza jua likishaukausha: nyuzi hukatika vipande vidogo kama ncha ya kucha, na kwa kuwa Wafipa tangu zamani hurutubisha mashamba kwa kufukia majani kwenye matuta ya duara, vipande hivyo huingia kwenye udongo pamoja na mboji. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba mwaka 2019 kilimo duniani kilitumia tani milioni 12.5 za plastiki, mbali na zile za kufungashia vyakula. Hata hivyo picha zinazopamba kampeni za plastiki ni za kasa na fukwe. Jembe linaloibua utepe wa salfeti halipigwi picha.

Kisha kuna mipaka. Ziwa Tanganyika lina wenyewe wanne: Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia. Kila mmoja ana sheria yake ya plastiki. Tanzania ilikataza mifuko ya kubebea bila kujali unene. Zambia, kwa kanuni za mwaka 2018, ilikataza ile iliyo chini ya maikroni 30, yaani nyembamba kuliko nusu ya unywele, na ikawabebesha wazalishaji wajibu wa kukusanya taka zao. Kongo ilitoa amri ya kukataza mwishoni mwa 2017, Burundi ikatoa yake mwaka 2018. Kwenye karatasi nchi zote nne zimechukua hatua. Mpakani Kasesya, ambako barabara ya Matai inaingia Zambia, au katika bandari za Kasanga na Kabwe, ambako shehena hupakiwa kwenda Kongo na Burundi, ofisa wa forodha hukutana na mfuko ulio halali upande mmoja na haramu upande wa pili. Mfuko hauna uzito, hukunjwa ukaingia chini ya magunia, na faida yake inatosha kumshawishi mwenye baiskeli. Nchi moja inaweza kukata mnyororo wake mwenyewe. Ikishaukata, inabaki kulinda mpaka dhidi ya minyororo ya majirani, na Rukwa ina mpaka mrefu wa nchi kavu na mrefu zaidi wa maji.

Hoja hiyo ndiyo iliyowafikisha wajumbe Nairobi. Machi 2, 2022, katika makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa huko Gigiri, wawakilishi wa nchi 175 walipitisha azimio la kuandaa mkataba wenye nguvu ya kisheria wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Rwanda na Peru ndizo zilizoandika rasimu iliyobeba uzito. Mwenyekiti wa kikao, Espen Barth Eide wa Norway, aligonga nyundo iliyotengenezwa kwa plastiki iliyorejelezwa, ukumbi ukashangilia. Azimio lilitaja maneno ambayo baadaye yangezua ugomvi wote: mkataba uhusu plastiki katika maisha yake yote. Kwa Rwanda na wenzake, maisha hayo huanza pale mafuta yanapogeuzwa chembe ghafi. Kwa Saudi Arabia, Urusi, Iran na wengine wenye msimamo wao, plastiki huanza kuwa uchafuzi pale inapotupwa, na mkataba ushughulike na kutupa.

Kazi ilitakiwa kumalizika kabla ya mwaka 2024 kwisha. Wajumbe walikutana Punta del Este nchini Uruguay mwishoni mwa 2022, Paris katikati ya 2023, Nairobi Novemba 2023, Ottawa Aprili 2024 na Busan, Korea Kusini, mwishoni mwa 2024. Huko Paris siku nzima na zaidi ziliishia kwenye swali la utaratibu: je, makubaliano ya wote yakishindikana, kura ipigwe? Swali linaonekana dogo, kumbe ndilo lililoamua mengine. Pasipo kura, nchi chache zinaweza kuwazuia wengi, na ndivyo ilivyokwenda. Busan, zaidi ya nchi 100 ziliunga mkono pendekezo lililowasilishwa na Panama la kuweka lengo la kupunguza uzalishaji. Juliet Kabera, mkuu wa mamlaka ya mazingira ya Rwanda, aliwaomba wanaotaka mkataba wenye nguvu wasimame, na sehemu kubwa ya ukumbi ikasimama. Kikao kilifungwa bila mkataba. Kikao cha nyongeza Geneva, Agosti 5 hadi 15, 2025, kilifungwa vilevile, baada ya rasimu mbili za mwenyekiti, Luis Vayas Valdivieso wa Ecuador, kukataliwa kuwa msingi wa mazungumzo, ya pili ikiwa imetolewa usiku wa manane wa kuamkia siku ya kufunga.

Wanaotetea kukata mwanzoni hupenda kutaja Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, iliyookoa tabaka la ozoni. Mlinganisho huo una nguvu zake. Itifaki ile haikumwomba mwenye friji mbovu ailinde gesi isivuje. Iliamuru viwanda vichache vilivyotengeneza gesi hiyo vipunguze hadi viache, ikazuia biashara na nchi zisizojiunga, na mwaka 1990 ikaanzisha mfuko wa fedha wa kuzisaidia nchi maskini kubadili mitambo. Una udhaifu wake pia: gesi zile zilikuwa na mbadala uliokwisha kujulikana na wazalishaji wachache, ilhali plastiki ni familia ya maelfu ya bidhaa, kuanzia sindano ya hospitali hadi kiriba cha mche. Ndiyo maana rasimu nyingi zilizungumzia orodha: bidhaa zipi ziondoke kwa tarehe ipi, kemikali zipi zisitiwe kwenye plastiki. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba uchafuzi unaweza kupungua kwa asilimia 80 ifikapo 2040, iwapo matumizi ya kurudia, urejelezaji na malighafi mbadala vitakwenda pamoja, na kwanza kabisa bidhaa zisizo za lazima ziondolewe.

Mkataba mpya ukikwama, mikataba ya zamani inaendelea kufanya kazi kimyakimya. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 husimamia usafirishaji wa taka za hatari kati ya nchi na nchi. Mei 2019 wanachama wake walikubali pendekezo la Norway la kuingiza taka za plastiki, na tangu Januari 1, 2021, marobota ya plastiki iliyochanganyika au iliyochafuka hayawezi kupelekwa katika nchi nyingine bila nchi hiyo kuarifiwa na kuridhia kwa maandishi. Lililosukuma jambo hilo ni uamuzi wa China wa kufunga milango yake kwa taka hizo mwaka 2018. Taka zilizokosa pa kwenda zikaanza kubisha hodi Asia ya kusini mashariki na Afrika. Afrika ilikuwa na ukuta wake tayari, Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991, ulioandikwa kwa sababu wengi waliona Basel ya kwanza imelegea. Mikataba hii haigusi mfuko uliotupwa Sumbawanga, lakini inazuia Tanzania isigeuzwe jalala la wengine wakati bado inahangaika na la kwake.

Upo pia Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, unaohusu kemikali sumu zisizooza upesi, na huu unagusa jiko la Ufipa moja kwa moja, ingawa wenye jiko hawajausikia. Uwanda una baridi; Juni na Julai mkaa huwashwa alfajiri na jioni, na kipande cha nailoni ndicho kiberiti chake. Taka za uani nazo huchomwa shimoni kila wiki kwa kuwa gari la taka haliingii kila mtaa, na vijijini haliingii kabisa. Plastiki zenye klorini, kama mabomba na baadhi ya nyaya, zikiungua kwa moto hafifu hutoa sumu ya dayoksini, na mkataba ule unautaja uchomaji wa taka mahali pa wazi kuwa chanzo kinachopaswa kupunguzwa. Sharti hilo lina maana pale tu taka inapokuwa na pengine pa kwenda.

Hapo ndipo swali la nani alipe linapoingia. Sera iliyoenea zaidi duniani sasa ni ya kumbebesha mzalishaji mzigo wa bidhaa yake hadi baada ya kutumika: anayeingiza chupa sokoni achangie gharama za kuikusanya. Umoja wa Ulaya, kwa maelekezo ya mwaka 2019, uliondoa sahani, mirija na vijiko vya plastiki kuanzia Julai 3, 2021, na ukaweka lengo la kukusanya asilimia 90 ya chupa za plastiki ifikapo 2029. Ujerumani hutoza dhamana ya senti 25 kwa chupa nyingi za kutupwa, na mnunuzi hurudishiwa dukani. Kenya iliweka msingi wa utaratibu wa namna hiyo katika sheria yake ya taka ya mwaka 2022. Mambo haya huelezwa kama uvumbuzi wa nchi zilizoendelea, wakati kila duka la Sumbawanga linayajua tangu zamani kwa jina la kreti. Soda ya chupa ya kioo haiondoki dukani bila chupa tupu au amana yake, na chupa husafiri kurudi Mbeya au kwingine ilikojazwa, kwa gari lilelile lililoleta nyingine. Umbali haukuwa kikwazo kwa sababu bei ya chupa ilikuwa ndani ya bei ya soda. Chupa ya plastiki ilipoingia, kampuni ziliokoa gharama ya kurudisha, nayo gharama hiyo haikupotea: ilihamia kwa manispaa, kwa muokota chupa na kwa mto.

Muokota chupa wa mji mkubwa huuza kwa kilo, na mnunuzi husagisha au hubana chupa kuwa robota kabla ya kusafirisha. Sumbawanga ina kilomita nyingi kati yake na viwanda vya urejelezaji, na lori lililojaa chupa zisizobanwa limejaa hewa. Plastiki ngumu, kama ndoo na madumu yaliyopasuka, hupata wanunuzi kwa urahisi zaidi pamoja na vyuma chakavu. Vifuko na pakiti za biskuti havipati. Utaratibu wa mzalishaji kuchangia ukipimwa kwa tani za nchi nzima tu, kampuni zitatimiza hesabu kwa chupa za Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, ambako kukusanya ni rahisi, na Rukwa itabaki nje ya hesabu pasipo mtu kuvunja sheria. Kanuni inayotaka kufika Ufipa lazima itaje mikoa, au ilipe nauli ya robota kulingana na umbali.

Ziwani nako kuna mkataba uliotangulia. Juni 12, 2003, nchi nne za Ziwa Tanganyika zilitia saini Dar es Salaam mkataba wa usimamizi endelevu wa ziwa hilo, unaozitaka zizuie uchafuzi kutoka nchi kavu na kwenye vyombo vya majini. Ulianza kutumika mwaka 2005, na mamlaka yake ina makao Bujumbura. Kwa miaka mingi ulikuwa mkataba wa mikutano zaidi kuliko wa vitendo. Sura ilibadilika kidogo mwaka 2021, nchi hizo zilipotia saini makubaliano ya uvuvi, na mwaka 2024 Tanzania ikafunga uvuvi katika upande wake wa ziwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili dagaa na migebuka wapate kuzaliana. Kirando, Kipili na Kasanga zililalamika, kama zilivyokuwa na haki ya kulalamika, lakini ziwa lilifungwa, kwa sababu makubaliano hayo yalikuwa na jambo ambalo rasimu za Geneva zilikosa: kitendo kimoja kinachoeleweka, chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha.

Uvuvi wenyewe ni chanzo cha plastiki kisichozungumzwa sana. Nyavu za siku hizi, kamba zake na maboya yake vyote ni plastiki, katika Tanganyika na katika Rukwa. Wavu uliokatika kwa dhoruba au kutelekezwa na mvuvi anayekimbia doria huzama na kuendelea kunasa samaki wasioliwa na mtu. Vipande vidogo zaidi huingia matumboni: utafiti wa sangara na sato walionunuliwa Mwanza, uliochapishwa mwaka 2016, ulithibitisha plastiki ndani ya samaki mmoja katika kila watano wa kila aina. Hilo lilikuwa Ziwa Victoria, lenye mto mkubwa wa kutoka. Rasimu za mkataba wa dunia zilikuwa na kifungu kuhusu zana za uvuvi: ziwekwe alama ya mwenyewe, zikipotea zitolewe taarifa, zikichakaa zipokelewe bandarini. Kifungu hicho hakikuwa na maadui wengi katika kikao chochote, ila kilisubiri vingine, kwa kuwa wajumbe walikubaliana kwamba hakuna kilichoafikiwa mpaka vyote viafikiwe.

Nchi nne za ziwa hazihitaji kungoja. Mkataba wao wa 2003 unaruhusu kuongeza itifaki, wavuvi wa upande wa Tanzania hujulikana kupitia vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vya mialoni, na leseni hukatwa kila mwaka. Mwaka ziwa lilipofungwa, mitumbwi ilivutwa nchi kavu kwa miezi mitatu. Nyavu zilizokuwa zimepotea ziliendelea kuvua.